Staring Akigeuka Adui: Kuusoma Mwisho wa ‘Us’ Tukiwa Meru na Embu

Katika vibanda vya video, kuanzia Maua hadi Runyenjes, palikuwa na sheria moja ambayo mtoto aliijua kabla hajaweza kuyafuata maandishi ya chini ya skrini: staring, yaani mhusika mkuu, hafi. Aliyechelewa kuingia aliinama na kumnong'oneza jirani yake kwenye benchi, staring ni nani? Akishaonyeshwa kwa kidole, filamu nzima ilikaa mahali pake. Anayempiga staring ni adui. Anayemcheka ataaibika. Anayemsaliti hafiki mwisho wa kanda.

Msimuliaji naye alihakikisha hakuna anayeachwa nyuma. DJ Afro, ambaye jina lake halisi ni James Muigai, aliigeuza kazi hiyo kuwa sanaa inayojulikana Kenya nzima. Filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Hollywood inakwenda, na juu yake inakwenda sauti yake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, ikiwapa wahusika majina, ikieleza wanachowaza, ikionya kuhusu hatari iliyo nyuma ya mlango. Tanzania walikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, na Uganda wana wasimulizi wao wanaowaita VJ. Naiheshimu sana kazi hii. Iliwapa watu wasiojua Kiingereza hadithi kamili, na mara nyingine hadithi tamu kuliko ile iliyotoka kwa wenyewe. Pamoja na hayo, ilitujengea mazoea ya kungoja sauti itakayotuambia mwisho una maana gani.

Filamu ya ‘Us’ ilipotoka Machi 2019, haikuja na sauti hiyo. Ilihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mabweni ya wanafunzi kule Nchiru, Chuka na Embu mjini, ikabebwa kwenye flashi, ikatazamwa usiku na watu sita juu ya kitanda kimoja. Kila mtu alitaka kuiona kwa sababu Lupita Nyong'o ni wetu. Alizaliwa Mexico, lakini alilelewa Nairobi, baba yake ni Gavana wa Kisumu, Profesa Anyang' Nyong'o, na tuzo ya Oscar aliyoshinda mwaka 2014 tuliisherehekea kana kwamba imetua nyumbani kwetu sote. Watu wakakaa kumtazama staring wao kwa karibu saa mbili, wakamwombea apone, akapona. Ndipo dakika za mwisho zikawaambia kwamba huyo waliyekuwa wakimwombea ndiye aliyetoka chini. Ubishi ulioanza usiku huo bado unaendelea kwenye vinyozi na kwenye matatu za barabara ya Embu kwenda Meru, na wengi huumaliza kwa kusema kwamba mwandishi alikosa namna ya kufunga hadithi akatuchezea shere.

Sikubaliani nao. Naona mwisho wa ‘Us’ ni wa haki, na kwamba yote yaliyofichuliwa mwishoni yalikuwa yamewekwa wazi mbele yetu tangu mwanzo. Ambaye hajaitazama na angependa kuitazama kwanza, aiweke makala hii kando, kwa sababu nitaeleza kila kitu.

Mwaka ni 1986, mahali ni ufuo wa Santa Cruz, California. Mtoto wa kike aitwaye Adelaide yuko na wazazi wake kwenye uwanja wa michezo kando ya bahari. Mama anaenda msalani. Baba, aliyeachiwa mtoto, amezama katika mchezo wa kugonga fuko kwa nyundo. Mtoto anajiondokea taratibu hadi ufukweni, anaingia katika nyumba ya vioo, taa zinazimika. Anapiga mluzi kujipa moyo, na mluzi mwingine unamjibu. Anarudi kinyumenyume, anageuka, na mbele yake yupo msichana aliyempa kisogo. Kisogo hicho ni chake mwenyewe. Picha inakatwa hapo, na mkurugenzi Jordan Peele anatuweka tusubiri hadi mwisho kujua kilichofuata.

Miaka inapita. Adelaide, sasa ni Lupita, amekuja likizo karibu na ufuo uleule pamoja na mumewe Gabe na watoto wao, Zora na Jason. Usiku watu wanne wanasimama nje ya nyumba wakiwa wameshikana mikono, wamevaa ovaroli nyekundu. Kila mmoja ana uso wa mmoja wa wenye nyumba. Kiongozi wao, ambaye kwenye orodha ya waigizaji anaitwa Red, ni Lupita tena, na ndiye pekee kati yao anayeweza kusema. Anasimulia kwamba chini ya ardhi kuna mahandaki ambamo watu walitengenezewa nakala ili wa juu watawaliwe kupitia wa chini. Mradi ulishindikana, waliouanzisha wakaondoka, na nakala zikaachwa humo zikiigiza kila tendo la watu wa juu bila kuwa na maisha yao, zikila sungura wabichi. Sasa zimepanda juu zikiwa na mikasi ya rangi ya dhahabu.

Wakati wa kufunga hadithi, Adelaide anashuka kumfuata Jason aliyetekwa, anamuua Red, anarudi na mtoto. Akiwa anaendesha ambulensi, kumbukumbu inamjia na sisi tunaiona pamoja naye. Usiku ule wa 1986 msichana wa chini alimkaba koo yule wa juu, akamburuta hadi kwenye mahandaki, akamfunga pingu kitandani, akaivaa fulana yake na kupanda kwenda kwa wazazi waliokuwa wakimtafuta. Mama mwenye nyumba, mke wa Gabe, staring wetu, ndiye yule wa chini. Red ndiye Adelaide wa kwanza.

Sasa irudie filamu ukijua hayo. Mtoto aliporudi kwa wazazi hakuweza kuzungumza, na wazazi wakampeleka kwa mtaalamu wakidhani ameshtuka. Hakuwa ameipoteza lugha. Hakuwa ameijua bado. Akiwa mtu mzima, ameketi ufukweni na rafiki wa familia, anakiri kwamba mazungumzo ya kawaida humpa taabu. Ndani ya gari anamfundisha Jason kupiga vidole kwa kufuata mdundo wa wimbo wa Luniz, ‘I Got 5 on It’, na yeye mwenyewe hauwahi mdundo. Anapomuua mmoja wa nakala, anatoa mngurumo ambao hadi wakati huo tumeusikia kwa wenye ovaroli tu. Nguo zake zilikuwa nyeupe mwanzoni mwa usiku, na kufikia alfajiri zimelowa damu kiasi kwamba anaanza kufanana na wao kwa rangi.

Halafu kuna sauti ya Red. Tulipoisikia mara ya kwanza, ile sauti kavu inayokwama kila baada ya neno, tuliifanya kuwa sauti ya shetani. Lupita alieleza kwamba aliichota kutoka kwa ugonjwa halisi unaobana misuli ya sauti, na watetezi wa watu wenye ugonjwa huo walipolalamika, aliomba radhi. Katika hadithi yenyewe, sauti ile inatoka kwenye koo lililokabwa utotoni. Tulikuwa tukisikiliza jeraha tukadhani tunasikiliza zimwi. Na pingu? Usiku wa uvamizi, jambo la mapema ambalo Red anamlazimisha Adelaide kulifanya ni kujifunga pingu kwenye meza. Mtazamaji wa mara ya kwanza huona ukatili tu. Wa mara ya pili huona mtu anayedai alipwe kwa sarafu ileile aliyopewa. Pingu hizo Adelaide hazivui hadi mwisho, na mnyororo wake ndio anaoutumia kumkaba Red. Koo lile linakabwa na mikono ileile mara mbili, mara ya kwanza ikiwa ya mtoto, mara ya pili ikiwa ya mama.

Watu wa Meru wana sababu ya kuisoma rangi nyekundu ya filamu hii kwa namna ambayo mtazamaji wa Chicago hawezi. Masimulizi ya asili ya Wameru, ambayo wanahistoria kama Jeffrey Fadiman waliyakusanya kwa wazee, yanasema mababu waliishi utumwani katika kisiwa kiitwacho Mbwaa, ambacho wengi hukielekeza upande wa Lamu na Manda. Waliowatawala waliitwa Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana. Walidai, kwa mfano, kiatu chenye manyoya pande zote mbili, na wazee wakakipata kwa kutumia ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Walidai mkuki mrefu wa kufika mbinguni, na hapo, kwa uongozi wa Koomenjwe, watu wakaona hakuna jibu ila kuondoka usiku na kuvuka maji. Masimulizi hutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, lakini rangi ya anayetesa haibadiliki.

Kwa hiyo mtu aliyekua akisikia habari za Mbwaa akiona wanne wamesimama gizani katika nguo nyekundu, moyo wake unajua haraka nani wa kuogopwa. Peele ameigeuza. Hapa nyekundu imevaliwa na waliofungwa, ndio wanaovuka kutoka gizani, na nguo nyeupe za likizo zimevaliwa na wanaokaa juu ya vichwa vyao bila habari. Anayeisikiliza vizuri hadithi ya Mbwaa hatashangaa sana, maana hata humo rangi haikubaki upande mmoja. Waliovuka maji alfajiri walipewa jina la wekundu, na ukoo huo upo hadi leo sambamba na wale weusi waliovuka usiku na weupe waliovuka kumekucha. Waliotoroka nguo nyekundu walibeba wekundu katika jina lao wenyewe.

Swali ambalo husumbua zaidi, kwa ninavyosikia, ni kama Adelaide alijua alikotoka. Kambi moja inasema alikuwa amesahau kabisa na kumbukumbu ilimrudia kwenye ambulensi. Kambi ya pili inasema alikuwa akiigiza miaka yote. Nakaa karibu na kambi ya pili, ila sisemi aliigiza. Mtu aliyesahau hana sababu ya kuuogopa ufuo ule kwa namna anavyouogopa yeye. Tangu gari linapofika anataka kuondoka, na anamwambia mumewe kwamba maisha yake yote amehisi yule msichana anakuja kumtafuta. Sikiliza vizuri maneno hayo ukijua mwisho. Anayesema hivyo ni mwizi anayejua mwenye mali yu hai. Alichosahau, nadhani, ni upande aliosimama. Alijisimulia hadithi hiyo kwa miaka mingi akijiweka mahali pa aliyeshambuliwa, na mume, watoto na sisi tuliolipia bando tukaipokea.

Katika nyumba nyingi za Embu na Meru mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na baba humwita binti yake mdogo “mama” kwa dhati kabisa, kwa sababu amebeba jina la mama yake. Watu wawili huishi chini ya jina moja, mmoja akiota jua mlangoni, mwingine akitambaa miguuni pake, na aliye mkubwa hufurahi kuona jina limepata miguu mipya. Nilipoitazama ‘Us’ mara ya pili, hapo ndipo niliposikia uchungu wa Red. Jina lake lilichukuliwa kwa kukabwa. Yule aliyelichukua akaolewa nalo, akazaa nalo, na mwenyewe akabaki gizani akijua anaitwa nani bila kuwa na hata mtu mmoja wa kumwita.

Na ule mstari unaoifunga filamu, wa watu walioshikana mikono juu ya vilima, wenye ovaroli nyekundu hadi jicho linapokoma, helikopta zikizunguka juu yao? Wengi huuacha bila kuuelewa kwa sababu tangazo lililoueleza lilipita dakika za mwanzo kabisa, kwenye televisheni ya nyumbani kwa mtoto. Tarehe 25 Mei 1986 Wamarekani zaidi ya milioni 5 walishikana mikono wakijaribu kuunga mnyororo kutoka New York hadi California ili kuchangia wenye njaa na wasio na makao. Shughuli hiyo iliitwa Hands Across America. Iliingiza takriban dola milioni 34, na karibu dola milioni 15 ndizo zilizowafikia walengwa baada ya gharama kutolewa.

Kinachotuhusu sisi ni nani aliyeiandaa. Ilikuwa USA for Africa, shirika lilelile lililozaliwa mwaka 1985 kwa ajili ya njaa ya Ethiopia na wimbo wa ‘We Are the World’. Ukame wa 1984 ulifika Kenya pia. Waliokuwa watu wazima Embu na Meru wakati huo wanayakumbuka mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, walivyoyapikia ugali na ladha iliyowakataa. Picha ya mwisho ya ‘Us’ ina mzizi katika njaa ya upande wetu wa dunia. Mtoto aliyeburutwa chini mwaka 1986 alibeba tangazo lile kichwani kama habari ya mwisho aliyoisikia kutoka juu, na alipokuwa mtu mzima mwenye jeshi, hakuwa na mfano mwingine wa tendo kubwa. Anaujenga upya ule mnyororo, safari hii ukiwa na wale ambao hakuna aliyewakumbuka wakati fedha zinachangwa. Ndiyo maana nasema mstari ule una hasira nyingi kuliko mikasi yote. Wasomaji wa Biblia, na huku kwetu ni wengi, watakuwa wameliona pia bango la Yeremia 11:11 mkononi mwa mtu mmoja ufukweni. Fungueni mlisome lote, pamoja na aya zinazolizunguka, maana linahusu kilio kitakachokosa msikilizaji.

Kuna wanaosema miisho ya aina hii ni mambo ya Wazungu na haitufai. Wangeitazama ‘Kati Kati’ ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mbithi Masya na kuandikwa naye pamoja na Mugambi Nthiga, filamu ya Kenya iliyotuzwa na wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto. Mwanamke aitwaye Kaleche anazinduka nyikani bila kukumbuka chochote, anaifikia loji, na anaambiwa na wenyeji wake kwamba amekufa. Habari ambayo filamu nyingine zingeificha hadi dakika ya mwisho, Masya anaitoa mapema, kisha anatuacha na kazi iliyo ngumu zaidi, kujua wale watu walifanya nini walipokuwa hai na wanadaiwa nini. ‘Us’ inalifikia swali hilohilo kwa njia ya nyuma. Ukishajua nani alitoka wapi, fumbo limekwisha, na deni ndiyo kwanza linaanza.

Jason analiona deni hilo kabla yetu. Ameketi kando ya mama yake kwenye ambulensi, anamtazama kwa muda mrefu, mama anamtabasamia, na mtoto anakishusha kinyago chake usoni. Alikuwa amefungiwa kabatini kule chini, karibu na pale Red alipouawa, na mtoto mwenye masikio husikia. Sidhani anajua habari yote. Anajua kwamba mngurumo ule ulitoka kwa mama yake. Anajua pia kwamba mtu huyu ndiye aliyeshuka motoni kumtafuta, na hakuna mama mwingine duniani anayemjua. Tabasamu la mama naliona kama ombi la kunyamaziwa.

Red nimemsikitikia katika makala yote hii, na kuna vijana wanaokwenda mbali zaidi wakimwita ndiye staring wa kweli. Hapo tunaachana. Red hakuja kudai jina lake. Alikuja na mpango wa kuua kila familia iliyolala juu, na wengi waliokatwa na mikasi usiku ule hawakumjua wala hawakuwahi kumgusa. Wale wa chini aliowaongoza aliwapa nguo, silaha na mahali pa kusimama kwenye mstari. Asubuhi ilipofika, wamesimama palepale wameshikana mikono, kiongozi wao amekufa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefundishwa kusema neno.